Ulizeni Kwanza Ziwa Limetoa Nini

Hotuba kwa wahitimu wa kozi ya upishi, Kigoma Mjini

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu wanangu mliopendeza hivyo katika makoti meupe: asalaam aleikum, na tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni.

MC amenipa dakika ishirini, kisha akaninong'oneza kwamba mzungumzaji wa mwaka jana alizidisha mpaka watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kununua soda. Nimemwelewa.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie fursa katika sekta ya upishi. Hizo atawaeleza mgeni rasmi, maana mwenye takwimu ni yeye. Mimi ni mama wa mgahawa. Nimepikia abiria wa treni, madereva wa malori, walimu wa hapa mjini, na familia yangu, ambayo ina maneno kuliko wateja wote hao. Nina jambo moja tu. Hapa chuoni mmefundishwa kwamba menyu inaandikwa kwanza, inabandikwa ukutani, kisha watu wanatumwa sokoni kuitafuta. Hotelini hakuna njia nyingine, mgeni analipia alichokisoma. Ila mkirudi nyumbani kwenu, geuzeni. Nenda sokoni mikono mitupu, uliza leo kimefika nini, halafu ndiyo uamue mnakula nini. Raha yote ya kupika nyumbani, mimi naiona imejificha hapo.

Tuanze na ziwa, maana Kigoma huwezi kuanza na kingine.

Mtoto wa shule ukimuuliza misimu atakutajia mvua na kiangazi. Mama yake anaujua na mwingine, unaozunguka kila mwezi: giza na mbalamwezi. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa ikimulika majini inakusanya vijidudu ambavyo dagaa anavila, dagaa wanakuja, na nyuma ya dagaa anakuja mgebuka, ambaye riziki yake ni huyo huyo dagaa. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa ya mvuvi haina tena cha kumwita mtu. Mitumbwi inapandishwa, nyavu zinashonwa. Ukishuka Kibirizi, kwenye mwalo wetu wa samaki, siku hizo utakutana na mazungumzo mengi na samaki wachache, na hao wachache usiulize bei kama una presha.

Kwa hiyo mwanamke wa hapa anatazama juu kabla ya kutazama pochi. Anajua wiki hii ni ya wabichi, na wiki ile ni ya wakavu au ya maharage. Hakuna aliyemwandikia.

Nataka nikae kidogo kwenye dagaa wabichi, kwa sababu nimeona jinsi vijana wanavyowatendea na inaniuma.

Dagaa anayefaa anafika alfajiri. Mtazame: fedha tupu, magamba bado yameshika, jicho liko wazi, tumbo gumu. Ukimnusa unasikia ziwa, husikii samaki. Jua likishapanda saa tatu, saa nne, tumbo linaanza kulegea na kupasuka, na hapo mpeleke kwenye chanja akauke, usimpeleke sufuriani. Ukimpata huyo wa alfajiri, kazi yako ni ndogo mno, na hapo ndipo wengi mnaposhindwa, kwa sababu mna cheti na mnataka kionekane.

Mwoshe kwa maji baridi yenye chumvi kidogo, mara moja, mwache achuje kwenye ungo. Mdogo usimtumbue, analiwa mzima, na ni ile mifupa yake laini inayowapa watoto madini ya chokaa. Sufuria iwe pana, dagaa wasipandane sana. Weka mawese, kitunguu kilainike tu, kisije kikabadilika rangi. Nyanya moja kama ipo. Panga dagaa juu, chumvi, kamulia ndimu, pilipili nzima isiyopasuliwa, funika. Na mwiko uweke mbali! Mwiko ukiingia humo unatoa uji wa vichwa na miiba. Shika sufuria kwa vitambaa viwili, itikise, irudishe jikoni. Ikifika dakika ya kumi epua. Ugali wa muhogo uwe tayari umeshasongwa, kwa sababu chakula hiki hakisubiri mtu anayetafuta chaja ya simu.

Basi, mapishi yamekwisha. Hakuna binzari ndani, hakuna tangawizi, wala kile kiungo cha pakiti. Najua mnakipenda. Lakini kiungo cha pakiti ni kama redio iliyofunguliwa hadi mwisho: dagaa yuko humo ndani anaongea na humsikii. Ukipika nacho dagaa, ukapika nacho maharage, ukapika nacho kuku, umepika chakula kimoja mara tatu. Kitumie siku kitu ulichonacho hakina ladha yake. Siku ya dagaa wa alfajiri kifungie kabatini.

Na mawese. Mgeni rasmi ananitazama, nadhani alikuwa anasubiri nifike hapo, maana mkoa huu tangu waziri mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aanzishe kampeni ya michikichi mwaka 2018, hakuna hotuba inayokwisha bila kutaja chikichi. Kituo cha utafiti cha Kihinga kinatoa mbegu ya Tenera, ambayo ganda la kokwa ni jembamba na nyama ya tunda ni nyingi kuliko ile Dura ya babu zetu, hivyo mafuta yanakuwa mengi. Vizuri sana. Nchi inayoagiza mafuta ya kula kutoka nje ina haki ya kutuuliza sisi tunafanya nini na michikichi yetu.

Mimi nauliza kuhusu sufuria. Wapo wanaoyachoma mawese mpaka moshi ujae nyumba nzima na wekundu wote utoke, eti yasinukie. Ule wekundu ndio mali. Ndimo ilimo karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, ya macho na ya kinga ya mtoto. Umenunua mawese kwa sababu ni mekundu, unayaunguza yawe meupe, halafu kliniki unaambiwa mtoto anahitaji vitamini A. Yapashe polepole, moto wa wastani, yakianza kutembea sufuriani weka kitunguu. Kama harufu inakukera sana, tatizo ni kwamba yamekaa muda mrefu au yalikamuliwa vibaya, badilisha muuzaji. Mawese mapya yana harufu nzuri inayokwenda mpaka kwa jirani, na jirani wa Kigoma akiisikia harufu hiyo atakumbuka ghafla kwamba alikuwa ameazima kinu chako na leo ndiyo siku ya kukirudisha.

Nisonge mbele. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana na kukua. Mialo ilikuwa kimya. Sina haja ya kuwasimulia waliokuwa wanaishi kwa uvuvi ilikuwaje, mpo humu na mnajua wenyewe. Nasema upande wa jikoni tu. Mwezi wa tano na wa sita maharage yanavunwa huko milimani, Kasulu, Buhigwe, Kibondo. Kwa hiyo ziwa lilifungwa wakati mlima unafunguka. Aliyekuwa amezoea kuuliza kimefika nini hakutetereka sana. Alihama kutoka mwaloni akaenda kusubiri magari ya Manyovu, huko Buhigwe. Aliyejua kupika samaki peke yake ndiye aliyepata shida, kila jioni analalamika hakuna mboga, na mbele yake kuna gunia.

Hii ndiyo bahati ya mkoa wetu ambayo sijui kama mnaiona. Chini huku kuna joto, samaki na michikichi. Ukipanda gari asubuhi, mchana uko kwenye ubaridi, kwenye ndizi, kahawa, maharage na maparachichi. Mikoa mingine inasafirisha vitu siku mbili kupata tofauti hiyo.

Sasa maharage. Watu wengi wa mjini wanayajua maharage makavu peke yake, yale ya kuloweka usiku na kumaliza mkaa. Kuna majuma machache, kabla ganda halijakauka, maharage yanauzwa yakiwa bado mabichi ndani ya ganda. Ganda limeanza kugeuka manjano, ukilibana linafunguka lenyewe, na punje ni nono, nyingine zina madoadoa ya waridi ambayo yakiingia motoni yanapotea. Mimi hununua beseni zima, natandika mkeka uani. Hapo sihitaji kumwita mtu. Mtoto aliyekuwa anacheza atakuja, jirani atakaa, bibi ataletewa kigoda. Mikono inamenya, midomo inasema. Mambo yote makubwa ya familia yetu, nani kaposwa, nani kafukuzwa kazi, nimeyasikia mara ya kwanza kwenye mkeka wa maharage, kwa sababu mtu akiwa anamenya hatazamwi usoni, na asiyetazamwa usoni husema.

Kuyapika ni rahisi kuliko kuyamenya. Maji ya kufunika, moto wa kawaida, nusu saa hivi yameiva. Magadi ya nini? Chumvi mwishoni. Menya ndizi mbichi, kata vipande, tumbukiza zichemke pamoja na maharage, kitunguu, kijiko cha mawese. Waha, wenyeji wa mkoa huu, wamekula hivi tangu hapo, na mtu akiwaambia ni chakula cha shida mwulizeni yeye mara ya mwisho alikula maharage yaliyochumwa asubuhi ni lini.

Na hapa niseme kwa akina mama wenzangu, wahitimu mtanisamehe. Mgeni akibisha hodi tunakimbilia wali na kuku, na soda ya chupa. Sina ugomvi na kuku. Lakini mgeni anatoka Dar es Salaam, amekula wali na kuku njia nzima, amefika Kigoma ana hamu ya migebuka na sombe, yaani kisamvu, wewe unamfichia chungu chini ya meza unaona aibu. Nimemwona mkuu mmoja, simtaji, akiomba kwa mama mwenye nyumba kile wanachokula watoto huko nyuma. Kilikuwa sombe. Alikula akaongezewa.

Sombe yenyewe inataka neno. Mvua zikishanyesha, muhogo unatoa majani mapya kwenye ncha, laini, ya kijani cha kung'aa. Chuma hayo ya juu, machanga. Yale makubwa ya chini mwachie mbuzi. Twanga kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, kisha chemsha sufuria ikiwa wazi. Hili la kutofunika msilichukulie kama uzembe. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kutwanga kunaiachia na mvuke unaondoka nayo. Yaache yachemke muda mrefu. Baadaye ndiyo mawese, bilinganya au karanga iliyosagwa, na mgebuka mkavu uliochambuliwa. Kwa hiyo mnaona: jani ni la leo, samaki ni wa mwezi ule wa giza. Kukausha si adui wa kitu kibichi. Bibi zetu walikausha kilichozidi ili siku kisipokuwepo kiwepo. Mradi muwe makini na dagaa walioanikwa mchangani. Lipeni kidogo zaidi kwa wa kwenye chanja, la sivyo mtawaosha mara saba na bado meno yatalia.

Tuko Januari, mvua imekolea, kwa hiyo niwape habari ya nyanya. Wakati wa mvua nyanya inapigwa na ukungu shambani, inakuwa chache, ghali, na ukiipata ina maji tele. Wapishi wengi wanaendelea kulalamika na kuendelea kuinunua. Mimi mvua zikikolea naiachia likizo. Nataka uchachu tu, na uchachu unaning'inia juu ya mti. Nachukua embe bichi, lile gumu, namenya, nakata vipande vyembamba, natia kwenye mchuzi wa sangala dakika za mwisho. Au ndimu. Kiangazi kikifika nyanya zinakuja kwa ndoo, hapo ndiyo nazila kwa fujo. Watalii wanakwenda Ujiji kupiga picha mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe, na wanaelezwa kwamba miembe iliyopo ni machipukizi ya ule wa zamani. Sijaona hata mmoja aliyeuliza embe zake zinapikwaje.

Mahindi mabichi: yavune leo, yapike leo, kwa sababu sukari ya punje inaanza kugeuka wanga mara hindi linapovunjwa. La jana lina tumbo lakini halina utamu. Uyoga: nunueni kwa wanaoujua, wale akina mama wanaouleta kila mwaka. Usiokote mwenyewe porini kwa sababu umeona video. Mchicha na majani ya maboga: kata ukiwa umeshawasha moto, dakika chache tu, ubaki kijani. Sitaki kuingia humo zaidi, walimu wenu wamewafundisha.

Msije mkatoka hapa mkasema mama amekataza vya mbali. Mji huu umekula vya mbali siku zote. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kabla hata treni haijafika Kigoma mwaka 1914. Kitunguu cha Singida kinasafiri vizuri, mchele unasafiri, maharage makavu yanasafiri. Chumvi ya Uvinza ilibebwa vichwani kwenda mbali sana kabla ya mkoloni yeyote kuiona, na haikupungua ladha njiani. Jueni tu kipi kinavumilia safari na kipi hakivumilii. Dagaa mbichi havumilii hata kutoka Kibirizi mpaka Mwanga ya hapa hapa mjini kama umemweka kwenye mfuko mweusi wa plastiki juani, na hiyo mifuko nadhani ilishapigwa marufuku, sijui mnaitoa wapi.

Wavulana, nimewahesabu, mko wengi kuliko nilivyotegemea, na nimefurahi. Lakini mnapika chuoni, mkirudi nyumbani mnakaa sebuleni kusubiri dada zenu. Nimewauliza mama zenu kabla sijapanda hapa. Cheti mmepewa, jiko la nyumbani nalo lipo. Wasichana, mkiolewa na mtu anayejua kuchagua dagaa alfajiri, msimwamshe aende mwaloni kisha mkamsema kwa sababu viatu vina tope.

Nimalizie kwa maelezo ya meza, kwa sababu naona wageni wananyoosha shingo kule dirishani. Chakula cha leo wamepika wahitimu wenyewe, tangu saa kumi alfajiri. Kamati ilikuwa imeandika dagaa wabichi kwenye kadi zenu. Dagaa hawapo. Mwezi mpevu ulikuwa juzi, wavuvi wamelala, na nilipowauliza vijana jana watafanyaje, hawakunijibu kwa maneno, walikwenda sokoni. Basi futeni mstari huo kwenye kadi. Mtakuta ndizi na maharage mabichi yaliyoshuka Buhigwe jana jioni, sombe yenye migebuka mikavu, ugali wa muhogo na wa mahindi, na kuku wachache kwa ajili ya wasioweza kubadilika. Embe zimemenywa. Ile pilipili kwenye bakuli dogo imetoka Ujiji, ni kali kweli, iwekeni mbali na watoto. Foleni inaanzia mlango wa kushoto, wazee kwanza, na wahitimu mtakula mwisho kwa sababu ninyi ndio mnaogawa.